Galoni la Nani?

Mota ya maji niliinunua Mlandege, hapa Unguja, kwenye duka ambalo ukitaka feni utapata, ukitaka mguu wa kitanda utapata. Kibandiko chake kiliandikwa 10 GPM. Muuzaji akanifasiria: "Galoni kumi kwa dakika, mwalimu. Inavuta hiyo!"

Miye nasomesha hesabu. Kwetu galoni ni lile dumu la njano la mafuta ya kupikia, lita 20. Kumi mara ishirini, mia mbili. Tangi la juu ya paa ni la lita 1,000. Dakika 5 tu! Baada ya Isha nikawasha, nikakodolea saa, dakika ya tano nikazima, nikijisifu kwa umeme wa TUKUZA niliouokoa.

Alfajiri nikaitwa bafuni. Mke wangu kajipaka sabuni mpaka masikioni, macho kayafumba, na bomba linakohoa upepo. Nikampelekea ndoo ya akiba kimyakimya, kama mshitakiwa.

Mchana nikakaa na kalamu. Kumbe galoni la Mwingereza ni lita 4.546, na la Mmarekani ni lita 3.785. Mwingereza katuweka chini ya himaya yake tangu 1890 hadi 1963, nikaona mwenyeji ni yeye: lita 45 na ushei kwa dakika, basi dakika 22. Tangi halikujaa. Siku lilipokauka tena nikahamia Marekani: dakika 26 na nusu. Bado! Kibandiko kilihesabu maji ya bondeni; yangu yanapanda ghorofa tatu, na maji nayo, kama mtu mzima, kwenye ngazi hupunguza mwendo.

Mama mkwe wangu, aliyekuja kutujulia hali, akachoka kuniangalia. Akaamuru dumu lipandishwe juu, likingwe kwenye bomba la tangi. Yeye akakaa chini na tasbihi yake. Mota ikawashwa, punje zikaanza kupita.

"Limejaa!" kijana aliyelipandisha akapiga kelele kutoka juu.

"Arubaini," akasema mkwe. Nikatazama saa: sekunde 40. Madumu 50, dakika 33 na ushei. Usiku ule tangi likajaa pomoni.

"Mama," nikamwambia kwa unyonge, "haba na haba hujaza kibaba."

"Hujaza, mwanangu," akajibu akifutika tasbihi. "Lakini kwanza uliza kibaba cha nani."