Tumeshajengewa Uwezo, Sasa Tunaomba Nauli

KWA: Wafadhili wa Vyombo vya Habari vya Mashinani
YAH: SHUKRANI KWA SEMINA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Hakuna sekta Afrika Mashariki iliyojengewa uwezo kama yetu. Mwandishi wa redio ya kijamii kule Pangani au Sengerema, anayelipwa kwa habari moja moja na wakati mwingine asilipwe kabisa, anaweza kuwa na cheti cha uandishi wa takwimu, cha tabianchi, cha jinsia, cha kuhakiki uzushi na cha usalama mtandaoni. Uwezo umejengwa mpaka kwenye dari. Kilichokosekana ni nauli ya bodaboda ya kumfikisha kwenye baraza la madiwani, na ndiyo maana habari za baraza huandikwa na ofisa habari wa halmashauri, ambaye ana gari na hana neno baya la kumsema mwajiri wake.

Lalamiko letu ni moja: fedha zenu hulipia kila kinachoizunguka habari, isipokuwa habari yenyewe. Fungueni bajeti ya mradi wa kawaida. Kuna ukumbi, chai ya saa nne, mwezeshaji, mshauri wa tathmini, fulana na bango lenye nembo. Mshahara wa mhariri ama haumo, ama umebanwa hadi hautoshi mtu mzima. Umeme wa Luku, mafuta ya jenereta na ada ya leseni huitwa gharama za uendeshaji, maneno ambayo katika vikao vyenu hutamkwa kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa wa aibu. Chombo cha habari nacho kina akili, kinajifunza. Kinamtoa mwandishi wake hodari kwenye habari na kumkabidhi kazi ya kuandika maandiko ya miradi. Mkifungua dirisha la ruzuku ya malaria, kata nzima inaumwa malaria. Mkihamia tabianchi, wagonjwa wanapona siku hiyo hiyo na mvua zinaanza kuchelewa. Daraja lililobomoka halina dirisha, basi linasubiri.

Na fomu zenyewe! Kwa miaka mingi, aliyetaka ruzuku ya serikali ya Marekani akiwa nje ya nchi hiyo alitakiwa kupata kwanza msimbo wa utambulisho wa mfumo wa NATO, kisha ajisajili kwenye tovuti ya serikali hiyo na kuuhuisha usajili kila mwaka, yote kwa Kiingereza. Redio inayotangaza bei ya mwani iliombwa kitambulisho cha jumuiya ya kijeshi. Hatukucheka, tulijaza.

Mtasema hizi ni fedha za walipa kodi, lazima zihesabiwe. Kweli kabisa, na mwandishi anayedai hesabu za diwani hana uso wa kukataa kukaguliwa. Swali ni mnahesabu nini. Karatasi ya mahudhurio inathibitisha kwamba watu thelathini walikaa ukumbini. Haithibitishi kwamba kuna mtu aliyesoma taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu halmashauri yake na kuuliza swali hewani. Kulipa mshahara na kuhesabu habari zilizotoka ni ukaguzi rahisi kuliko kuhesabu chupa za maji.

Hoja yenu ya pili ni nzito zaidi: ruzuku hulemaza, chombo kijitegemee. Neno lenu ni uendelevu, na tumelihudhuria mara nyingi. Lakini tazameni upande wa pili wa soko. Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni moja kwa leseni kabla hajaandika sentensi. Ada hizo zilipunguzwa baadaye. Kenya, Machi 2024, serikali iliagiza matangazo ya redio na televisheni ya taasisi zake yaende kwa shirika lake la utangazaji, KBC, peke yake. Mlipaji mkubwa wa matangazo ni yule yule anayepaswa kuchunguzwa, na duka la mbegu pale sokoni haliwezi kugharimia uchunguzi wa zabuni. Habari ya zabuni haijawahi kuwa bidhaa inayojilipa, si kwetu wala kwenu. BBC hulipiwa ada ya leseni na kaya za Uingereza zinazotazama matangazo ya televisheni ya moja kwa moja, na hatujasikia mtu akiipeleka semina ya kujitegemea.

Kuhusu kulemaa, tuko pamoja, ila mlemazaji ni nani? Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kwa takwimu zilizotolewa na shirika la Waandishi wa Habari Wasio na Mipaka, mwaka 2023 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa limesaidia waandishi 6,200 na vyombo 707 visivyo vya serikali duniani, na kwa mwaka 2025 vyombo huru na usambaaji huru wa habari vilikuwa vimetengewa dola milioni 268. Sahihi moja ikatosha kusimamisha yote. Katika kila mpango mkakati mliotuandikisha kulikuwa na jedwali la vihatarishi: ukame, uchaguzi, kukatika umeme. Mfadhili mwenyewe hakuwemo. Miradi ya miezi kumi na miwili, inayokataza kuweka akiba na kudai salio lirudishwe, haiwezi kumwachia mtu hata mtaji wa genge.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, tunaomba yafuatayo katika tangazo lijalo: fomu ije kwa Kiswahili, iwe na kurasa mbili, muda uwe miaka mitatu, salio libaki, na kwenye bajeti, chini ya neno «ukumbi», pawepo mstari ulioandikwa «mshahara wa mwandishi». Mkikosa nafasi, futeni fulana. Tunazo za kutosha.

Wenu katika ujenzi wa viashiria,
Chumba cha Habari

Nakala: Mwandishi wa kata. Atasomewa kwa simu, hana nauli ya kuifuata.