Sifa za Mla-Vumbi wa Kikula

Wengine na wawasifu wanamuziki na wachezaji mpira. Mimi namsifu kibarua asiyeshukuriwa hapa Kikula, mjini Likasi: makrofaji, seli kubwa ya kinga inayozunguka katika vifuko vya hewa vya mapafu na kumeza kila kitu kigeni. Mwanasayansi Ilya Metchnikoff alizitazama seli za namna hii mwaka 1882 kule Messina, baada ya kuwachoma kwa miiba mabuu ya kiti cha pweza. Mwaka 1908 akapata Tuzo ya Nobel. Angekuja Likasi wakati wa kiangazi, asingehangaika kutafuta mwiba.

Chakula cha makrofaji si bukari. Mchimbaji akitoboa mwamba mkavu kutafuta shaba, chembe za silika zisizoonekana kwa jicho hushuka hadi mwisho wa pafu. Makrofaji haulizi karatasi wala kibali (vizuizi vya barabarani vingejifunza kwake). Humeza tu. Lakini silika haisagiki: humpasulia kifuko chake cha kusagia, naye hufa. Kabla ya kufa hupiga mbiu ya kemikali kuwaita wenzake, kisha chembe ileile iliyomuua hutoka nzima, ikamezwa na wa pili, na wa tatu. Nutrofili, seli nyingine za kinga, nazo huitika, zikamwaga vimeng'enya vinavyomuunguza mwenye nyumba. Nyuma yao seli wajenzi huziba kila jeraha kwa kovu gumu. Ndiyo silikosisi.

Uaminifu wake je? Mwaka 2003 kampuni ya madini Gécamines iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Makrofaji hakusaini. Mzee ameacha mgodi miaka mingi, overoli imekuwa kitambaa cha kufutia baiskeli, lakini huyu bado yuko zamu, anapigana na vumbi la zamani. Likizo hana, pensheni haidai.

Tena ni mkarimu. Akishalemewa na silika, kifua kikuu kikibisha hodi, humfungulia. Na kazi yake hudumu: hakuna dawa inayofuta makovu hayo.

Adui zake nawajua. Ni wale wanaolowesha mwamba kabla ya kutoboa, wanaopitisha hewa shimoni, wanaowagawia watu barakoa zinazoziba kweli. Wachoyo wakubwa, wanamnyima shujaa chakula! Anayeona nimemsifu kupita kiasi aende kwa mwenye shimo, amwambie anunue mpira wa maji.