Shemeji na Gari Lake la Mbio

Mwanamume wa Kagerankanda akiuza maharage yake vizuri, ana njia tatu za kutumia fedha bila kusemwa: kuezeka bati, kununua mashine ya kusaga, au kuongeza ng'ombe. Akitaka kusemwa kidogo, ananunua bodaboda. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alitaka kusemwa sana. Akanunua Toyota Celica.

Kwa asiyelijua gari hilo: ni spoti la milango miwili, pua imechongoka, na kiti cha dereva kiko chini kiasi kwamba ukiketi unatazamana na mbuzi uso kwa uso. Toyota walianza kuliunda 1970 wakaliacha 2006. La shemeji ni la toleo la mwisho, injini ya lita 1.8 yenye nguvu za farasi 190, gia sita za mkono, na spoila nyuma ambayo mama mkwe wangu aliitazama kwa makini, akasema angalau wametengeneza mahali pa kushika wakati wa kusukuma.

Mapenzi hayo yalianzia kwenye simu. Kule kwetu mtandao haupatikani popote, kwa hiyo shemeji alikuwa akipanda juu ya kichuguu kila jioni, anatazama picha za magari ya mtumba kutoka Japani. Wajapani wana ukaguzi mkali wa magari unaorudiwa kila baada ya miaka miwili, na gari likizeeka gharama humchosha mwenye nalo, akaliuza. Ndiyo maana gari ambalo baba mmoja wa Yokohama ameshalichoka linaweza kumnyima usingizi kijana wa Kasulu. Akitoka kwenye picha anaingia kwenye kikokotoo cha TRA. Hapo ndipo mapenzi yalipojaribiwa: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya ukubwa huo, asilimia 30 nyingine kwa sababu gari limepita miaka kumi, kisha VAT asilimia 18 juu ya yote hayo. Ukimaliza hesabu, kodi imekaribia thamani ya gari zima. Mtu mwenye akili timamu hushuka kichuguuni wakati huo. Shemeji aliongeza bando.

Wazee walipomwita kumuuliza, alikuja na hoja nzito. Celica, alisema, limeshinda Safari Rally mara nane: 1984, 1985, 1986, 1990, halafu 1992 mpaka 1995 bila kupumzika. Kama liliyaweza matope ya Kenya, litashindwaje na ya Kagerankanda? Kikao kikatulia. Ndipo mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa akifuatilia mashindano hayo redioni tangu ujana wake, akaomba nafasi. Alimkumbusha kwamba yale magari ya mashindano yaliinuliwa, yakaundwa upya chuma kwa chuma, na kwamba timu kubwa zilikuwa na helikopta inayotangulia kuangalia njia. "Sasa wewe, mwanangu, helikopta yako iko wapi?" Aliongeza kwamba hata hivyo hapingi mtumba, maana Joginder Singh wa Kericho alishinda mwaka 1965 na Volvo iliyokwisha kutumika. Shemeji alisikia hiyo sentensi ya mwisho tu, akaihesabu kuwa ni kibali.

Gari lilipotoka bandarini Dar es Salaam alilifuata mwenyewe. Safari ni zaidi ya kilomita 1,200 kupitia Dodoma, Singida, Kahama na Nyakanazi, lami nzuri kwa sehemu kubwa, na mtu angetegemea kwamba huko ndiko farasi 190 watakapokula nyasi. Lakini kila kijiji kina kibao cha 50, na nyuma ya kila kibao kuna mti, na nyuma ya mti kuna askari mwenye tochi. Tochi moja ni shilingi 30,000. Kufika Singida shemeji alikuwa ameshajifunza kuendesha kwa adabu ya padri. Kutoka hapo, alisema, alipitwa na mabasi, malori na mtu mmoja aliyehamisha makochi kwa Kirikuu.

Akaingia kijijini saa kumi jioni, watu wametoka shamba. Hapa inabidi msomaji aelewe jambo moja kuhusu Kasulu na Kibondo. Sisi tumekulia kwenye magari ya mashirika. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, Nduta ikafunguliwa tena 2015 kwa ajili ya Warundi, na miaka yote hiyo uzuri wa gari tumeusoma kwenye Land Cruiser nyeupe: refu, lina antena, unapanda kwa kukanyaga kingo. Kwa macho hayo, Celica likiwa limeegeshwa mahali pakavu na tambarare, mzee wa kwanza kufika aliuliza kwa huruma ya kweli: "Limekwama?"

"Hapana, baba. Ndivyo lilivyo."

"Pole, mwanangu. Limezama mpaka mlangoni."

Vijana walikuwa wema zaidi. Walitazama kibao cha namba kwanza. "Namba E!" wakashangilia, maana kwetu umri wa gari husomwa kwenye herufi za usajili, na namba E ni mtoto mchanga. Kwamba gari lenyewe lilikuwa barabarani Japani kabla hao washangiliaji hawajazaliwa, hilo halikumhusu mtu. Kisha likaja swali ambalo matangazo ya Wajapani hayakuwa yamelijibu: linabeba magunia mangapi? Wakafungua nyuma, wakajaribu. Liliingia gunia moja la maharage, mlango ukakataa kufunga.

Baada ya hapo mama mkwe alihitaji kwenda kliniki ya macho mjini, na shemeji akaona ni aibu mama yake apande mchomoko wa kubanana watu wanane wakati mwanawe ana gari. Mimi nilichukuliwa kama msindikizaji. Kwa mila zetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali: hamketi karibu, hamgusani, na maneno mengine hupitia kwa mtu wa tatu. Waliobuni Celica hawakulifikiria hilo. Ili niingie nyuma ilibidi kiti cha mbele kikunjwe, nipenye kwa kichwa, nikae magoti yakiwa yamegusa kidevu, halafu kiti kirudishwe na mama aketi mbele yangu. Tangu hapo sikuwa na namna ya kutoka mpaka yeye atoke. Alipoegemea, kiti kikaegemea magoti yangu. Nikanyamaza kwa heshima. Baada ya mwendo mrefu nilimsikia akimwambia mwanawe kwa sauti ya chini: "Mwulize mkwe kama bado anapumua."

Shemeji aliuliza. Nikajibu kwamba napumua. Akampelekea mama jibu.

Kufika kliniki, mama alitoka kwa awamu. Ulitoka kwanza mkoba, ukafuata mguu mmoja, kisha sala fupi, kisha mguu wa pili, kisha akabaki amekaa ukingoni anatafuta kitu cha kushika. Mwanawe akamvuta mikono yote miwili. Aliposimama alifunga vizuri kitenge chake, akaligeukia gari, akasema kwa Kiswahili ili na wapita njia wasikie: "Gari gani hili? Ukitaka kulipanda unashuka, ukitaka kushuka unapanda!" Mhudumu wa mlangoni alisogea kusaidia. Alichungulia ndani, akaniona nilivyokunjika kule nyuma, akaharakisha kuleta kiti cha magurudumu. Ilichukua muda kumshawishi kwamba mgonjwa ni yule mama anayetembea.

Wakati wa kurudi tulifika mahali mvua ilipochimba mfereji kukata barabara. Bodaboda zinavuka, baiskeli za mkaa zinavuka, mchomoko unavuka kwa pembeni. Celica liliingiza pua, likakaa. Mlio uliotoka chini ulikuwa wa sampo kuonana na jiwe, na uso wa shemeji ulibadilika kuliko alipokuwa anasoma kodi ya TRA. Wakatokea vijana wanane wenye afya. Gari lina uzito wa kilo 1,100 hivi. Gawanya kwa wanane, kila mmoja kilo 140 kasoro. Walilinyanyua, wakalivusha, wakataja bei. Tangu siku ile vijana hao huonekana mahali pale mara kwa mara wamepumzika kivulini, na nimegundua kwamba mfereji unazidi kina hata wiki ambazo mvua haijanyesha.

Fundi wa kijijini kwetu ni bingwa wa bodaboda. Aliitwa kuangalia sampo. Akalala chali ajisogeze chini ya gari kama anavyofanya kwa mengine, kifua kikagoma kupita. Likajadiliwa suala la jeki, jeki ikaingizwa, nayo ikagoma kusimama kwa kukosa nafasi. Mwishowe walifanya jambo ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote cha ufundi: waliliacha gari lilipo, wakachimba shimo chini yake. Fundi akateremka na tochi ya kichwani, akaziba ufa kwa gundi ya chuma, akapanda juu na ushauri wa kitaalamu: liwekewe spesa, linyanyuke. Likawekewa. Wabunifu wa Toyota walihangaika miaka kulishusha gari hili lilale barabarani, na kijana mwenye spana namba 14 akalipandisha kwa mchana mmoja, kwa malipo ya nusu debe la maharage na soda.

Kuhusu mwendo, nitasema kwa haki. Injini ile ina siri. Mizunguko ikifika 6,000 na ushee kwa dakika, valvu hubadilisha namna ya kufunguka, hewa inaingia zaidi, na gari linakuwa gari jingine kabisa, lenye mlio mkali unaopanda mgongoni. Wapenzi wa Celica dunia nzima hununua gari hilo kwa ajili ya mlio huo. Kwa barabara zetu, gia ya pili ikikolea tayari kuna kuku. Mara pekee tulipofika 6,000 tulikuwa tumekwama kwenye tope la masika, tairi za mbele zinazunguka bure, sisi hatuendi popote, na udongo mwekundu unawarukia wasukumaji. Mlio ukatoka. Shemeji alifumba macho. Nilimwona usoni ana amani ya mtu aliyelipwa deni lake lote.

Hapo nilianza kumwelewa. Tunadhani mtu hununua gari la mbio kwa sababu ya mbio. Polisi wa Dubai walinunua Lamborghini mwaka 2013, gari linaloweza kupita kilomita 300 kwa saa, na utaliona zaidi kwenye maeneo ya watalii, limesimama, linapigwa picha. Wenye magari hayo London na kwingineko wakifika penye watu hawakimbizi, wanatambaa, maana ukipita kwa kasi nani atakuona? Kasi ni kisingizio kilichoandikwa kwenye karatasi ya mauzo. Kinacholipiwa ni macho ya watu. Na kwa bei hiyo, shemeji amenunua mahali pazuri kuliko tajiri yeyote. Liweke Celica kwenye foleni ya Ubungo, ni bati moja kati ya mabati, mwuza karanga hageuki. Lilete Kagerankanda, ambako barabara inalilazimisha kwenda sawa na baiskeli yenye mkaa, na kila nyumba inapata nafasi ya kutoka, kulitazama mbele, ubavuni na nyuma, na kumaliza salamu. Salamu zetu Waha si za neno moja. Tunaulizana habari za watoto, shamba na mifugo. Shemeji hufika mwisho wa kijiji akiwa amejibu zote kupitia dirishani, gari halijatoka gia ya kwanza.

Mtu mmoja wa Kibondo alikuja na Probox, akamwomba wabadilishane, na akamwongezea fedha juu. Probox ni gari la maana: linabeba magunia, wagonjwa, na mbuzi juu. Ukoo mzima tulimsihi akubali. Shemeji alizunguka Probox ile, akaipiga teke tairi kwa adabu, akamuuliza mwenyewe: "Hili likipita, watu wanatoka nje?" Biashara ikafia hapo.

Na wala hakula hasara kama tulivyomtabiria. Msimu wa harusi ulipofika baada ya mavuno, familia moja ilikuja kukodi gari la bibi harusi. Mkataba uliandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, nami nikasaini kama shahidi. Sharti la kwanza, gari lioshwe. La pili, spoila ifungwe riboni. La tatu, dereva asiyapite matarumbeta, ambayo yatatembea kwa miguu. Shemeji alikubali yote papo hapo, kisha akadai nyongeza ya bei kwa sababu kwenda polepole kunakula mafuta. Wakamwongezea. Tangu hapo ana oda mpaka Makere, na kila mteja mpya anayepiga simu huanza na ombi lilelile: tunalitaka lile gari la mbio, ila tafadhali usikimbize.