Mwenye Sauti Nzito Ndiye Bibi Harusi

Mwaka 2025, Julia Garner alipotokea kama Silver Surfer katika The Fantastic Four: First Steps, baadhi ya mashabiki waliangua kilio kama waliofiwa: shujaa yule wa kiume amekuwaje mwanamke? Asili iheshimiwe, walisema. Haya. Ila Shalla-Bal, mhusika aliyechezwa na Garner, yumo kwenye vitabu vya katuni vya Marvel tangu 1968. Walinzi wa asili wangeanza kwa kuisoma. Na kwetu Tanzania, kuanzia Mwamapalala hadi Manzese, mashabiki wamemeza makubwa zaidi bila kuomba maji. Kwenye vibanda umiza vya kuonyeshea video, mtafsiri Lufufu na waliomfuata wametafsiri filamu miaka nenda rudi, sauti moja nzito ya kiume ikiwa jambazi, mke wa jambazi, mama mkwe na bibi harusi anayelia kwa kwikwi. Hatujasikia aliyedai arudishiwe kiingilio kwa sababu bibi harusi ana besi.

Wapo wanaosema studio zinabadili jinsia kwa ajili ya mauzo tu, heri zibuni mashujaa wapya wa kike. Hapo wana hoja, ila mshtakiwa wake ni mwandishi wa filamu, mwigizaji hahusiki. Tena wakitaka shujaa mpya wa kike, Usukumani yupo: katika ngano ya Masala Kulangwa, muuaji wa zimwi Shing'weng'we, mama yake ndiye aliyenusurika akiwa mjamzito, akamzaa na kumlea. Atengenezewe filamu, nao walipe kiingilio.