Tanuri, Vifaranga na Chupa za Jirani

Mstaafu wa Dar es Salaam anatarajiwa kufuga kuku. Kiinua mgongo kikishaingia tu, kila anayekupigia simu ana habari za vifaranga. Mume wangu, aliyenitangulia kustaafu, aliitikia wito huo zamani. Banda lake limeshakula nusu ya ua. Mimi nimemaliza utumishi wangu nikikagua hesabu za watu, nikaapa kwamba sihesabu tena kitu, mayai yakiwemo. Nikanunua tanuri la kuyeyushia vioo.

Hamu niliipata Arusha, kwenye karakana ya Shanga, ambako mafundi wenye ulemavu wanageuza chupa zilizotupwa kuwa bilauri na mapambo. Pale wanapuliza kioo cha moto. Kupuliza kunataka mapafu, na yangu yaliishia kwenye ngazi za wizara. Nikachagua kuunganisha: unakata vipande, unavipanga vikiwa baridi, unafunika, umeme unamalizia. Kwenye nyuzi 800 hivi za Selsiasi vinashikana vikawa kitu kimoja. Ni kazi ya heshima kwa umri wangu, maana sehemu kubwa yake hufanyika umekaa.

Kasoro yake ni kwamba tanuri na taa za vifaranga vinakula luku moja. Nilipoliwasha siku ya kwanza, mein swichi ilikata, nyumba ikaingia giza, vifaranga wakaanza kulia. Sauti ikatoka bandani: "Mama Neema, chagua! Sahani au kitoweo?" Tukakaa kikao. Azimio: tanuri haliwaki mpaka vifaranga waote manyoya.

Malighafi hainisumbui. Kijana wa baa ya jirani ananiletea chupa kwa gunia, nami naziloweka kwenye beseni barazani ili lebo zibanduke. Basi zamu ya jumuiya kusali kwetu ikafika. Hakuna aliyeuliza kitu. Ila maombi siku hiyo yalirefuka, na mwenyekiti akawaombea "wote wanaopambana na upweke wa kustaafu", amefumba macho lakini uso kauelekeza kwenye beseni. Chai walikunywa kwa tahadhari.

Kioo nacho kina vituko vyake. Chupa ya kahawia na ya kijani, hata zikitoka kreti jirani, huenda hazitanuki sawa zikipata joto wala hazisinyai sawa zikipoa. Ukiziyeyusha pamoja zinashikana, zinang'aa, wageni wanasifia. Kumbe ni ndoa ya kulazimishwa, kila mmoja anavutia kwao kimyakimya. Sahani yangu ya rangi mbili ilikaa kabatini ikipokea sifa. Usiku mmoja tukasikia tak! Mume wangu akatoka na panga, akalizunguka banda, akarudi kunitangazia kwamba mwizi amekimbia. Kulipokucha nikaikuta sahani imeachana, kahawia huku, kijani kule, ufa umefuata mpaka ule ule nilioupanga kwa mikono yangu. Mume wangu hadi leo anasimulia habari za yule mwizi.

Sasa sahani moja natumia chupa moja, au mabaki ya kioo kimoja cha dirisha. Chini yake napaka kaolini, udongo mweupe wa jamii ile inayopatikana Pugu, la sivyo kioo kinang'ang'ania rafu na hakitoki bila nyundo. Na kikiyeyuka, kinapenda unene wa milimita 6 hivi. Ukikipa pungufu, kinajivuta kuelekea katikati. Ukikipa zaidi, kinatambaa pembeni mpaka kiupate unene wake. Nimekagua bajeti nyingi ambazo hazikuwa na nidhamu hiyo.

Kinachonitesa ni kungoja. Kioo cha chupa kikishayeyuka, joto linashushwa, linatulizwa kwenye nyuzi 550 hivi ili mvutano wa ndani ulegee, kisha linaachwa lipungue taratibu usiku kucha. Ukifunua mapema, hewa baridi inaingia na kazi yote inapasuka machoni pako. Na mimi kazini nilizoea kuingia bila taarifa. Nasoma kipimajoto, naenda jikoni, narudi, nagusa mfuniko kwa glovu, nauacha. Mume wangu alipochoka kuniona nazunguka, akatia kufuli. Ufunguo ameuficha chini ya kuku wa kienyeji anayeatamia, na kuku huyo hana mzaha.

Mteja wa kulipa nimempata karibuni, naye ni mwenye baa mwenyewe. Aliziona chupa zangu zimelala bapa, shingo na yote, akazitaka za kuwekea karanga wateja wake. Nikamtajia bei.

"Sasa mama, hizi si chupa zangu?"

Akataka tuondoe gharama ya malighafi. Nikavaa miwani, nikamwomba hati ya makabidhiano, idadi ya chupa kwa rangi, na sahihi ya aliyepokea. Akazitazama chupa, akanitazama mimi, akalipa taslimu. Risiti hakuomba.