Bwana Msa Hana Kazi

Kijana wa Mji Mkongwe akitaka riwaya mpya ya upelelezi, humwagiza mjomba aliye London. Kitabu kikifika hupigwa picha, picha ikarushwa kwa marafiki, kitabu kikalazwa kabatini. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Kiswahili, naye yupo na kiko chake tangu 1960, ilipotoka *Mzimu wa Watu wa Kale*, hata hodi hapigiwi. Mtunzi wake, Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alimpa na kesi nyengine: *Kisima cha Giningi*, *Duniani Kuna Watu*, *Siri ya Sifuri*. Kwa asiyezisoma, zote hizo mpya.

Lakini mpelelezi wa nini hapa? Barazani Jaws Corner, kahawa haijapoa, mwizi keshajulikana, ukoo wake ushatajwa, na deni la babu yake pia. Bwana Msa alihitaji kitabu kizima na Najum wa kumsaidia. Wazee wale huhitaji kashata.

Basi ukipata riwaya ya fumbo, isome umejifungia. Ukitoka nayo mlangoni, jirani atakuuliza kwa upole: “Hicho mwanangu? Ushafika pale anapojulikana kuwa yule ndiye baba yake?”