Sifa za Kinyesi cha Mbwa Mtaani

Kinyesi cha mbwa ni zao la kila siku lisilohitaji shamba wala mvua. Mbwa wa umbo la wastani aliyeshiba hutoa kiasi cha gramu 300 kwa siku, mara nyingi kwa awamu mbili: alfajiri kabla mwenye nyumba hajafumbua macho vizuri, na jioni watu wanaporudi kutoka kazini. Hupatikana kandokando ya njia, kwenye nyasi zilizokatwa karibuni, mbele ya geti la jirani, na hasa pale mpira wa mtoto unapopenda kuviringikia. Vinyesi vya wanyama wengine vimekwisha kupewa heshima zao. Samadi ya ng'ombe hukandikiwa kuta, hurutubisha migomba na kuzalisha gesi ya kupikia. Ya mbuzi huuzwa kwa gunia. Cha mbwa peke yake kimeachwa bila msemaji, ilhali hakuna kinyesi kilichofanya kazi kubwa kuliko hicho katika kuwakumbusha watu wa mtaa mmoja kwamba ni majirani.

Utaratibu wake huanza kabla hakijagusa ardhi. Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani na Ucheki walichapisha matokeo ya uchunguzi wa miaka miwili uliofuatilia mbwa 70 wa aina 37 na kurekodi haja kubwa 1,893. Walibaini kwamba uga wa sumaku wa dunia unapotulia, mbwa hupendelea kujipanga kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Mwaka uliofuata kazi hiyo ilipata tuzo ya Ig Nobel ya biolojia, tuzo inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Kwa hiyo ule mzunguko anaoufanya mbwa kabla ya kuchuchumaa, huku aliyeshika mnyororo akitazama kando na kuomba asionekane na mtu, pengine ni upimaji. Mitaa mingi haina hata kibao cha jina la barabara, lakini dira inayo.

Zama za fahari yake zilikuwa London ya karne ya 19. Ngozi ya kushonea glavu laini au kujalidia vitabu ililowekwa kwanza kwenye chokaa ili manyoya yatoke, kisha chokaa yenyewe ikabidi iondolewe na ngozi ilegezwe. Kazi hiyo ilifanywa na kinyesi cha mbwa kilichokorogwa na maji ya uvuguvugu. Viwanda vya ngozi vya Bermondsey vilikinunua kwa ndoo. Henry Mayhew, aliyewahoji maskini wa jiji hilo na kuchapisha habari zao kwa kirefu mwaka 1851, aliwakuta watu walioishi kwa kukiokota. Walibeba kikapu chenye kifuniko, na mkono wa kulia ulivalia glavu nyeusi ya ngozi. Lakini wengi waliiacha glavu nyumbani, kwa hoja kwamba kunawa mkono ni rahisi kuliko kusafisha glavu. Bei ya kawaida ilikuwa peni 8 hadi 10 kwa ndoo, na kile kikavu chenye weupe wa chokaa kiliweza kuvuka shilingi moja. Penye soko hapakosi wachakachuaji: wapo waliokwangua lipu ya kuta kuukuu na kuichanganya ili mzigo ufanane na daraja la kwanza. Bibi aliyenyoosha mkono wenye glavu ili ubusiwe, na mwanachuoni aliyepapasa jalada la kitabu chake cha thamani, wote wawili walikuwa na deni kwa mbwa wa kichochoroni.

Fahari hiyo ilianza kufifia mwaka 1907, pale mkemia Mjerumani Otto Röhm na mshirika wake Otto Haas walipoanzisha kampuni yao. Röhm alikuwa ameng'amua kwamba kazi ya kinyesi ni kazi ya vimeng'enya, na kwamba kongosho la wanyama wa machinjioni lina vimeng'enya vya kutosha. Wenye viwanda wakahamia huko. Bidhaa ikakosa mnunuzi, na kitu kisicho na mnunuzi hubaki njiani kikingoja mguu.

Kwa upande wa afya, ukarimu wake hauna mfano. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki, na kwa pua walisema kweli. Kwa minyoo mambo ni kinyume. Mayai ya Toxocara canis, minyoo ya tumboni iliyoenea mno kwa watoto wa mbwa kwa kuwa huwapata wangali matumboni mwa mama zao, hayawezi kumwambukiza mtu siku yanapotoka. Yanahitaji wiki mbili hadi nne udongoni ili yaive, na yakishaiva huweza kukaa hapo miaka. Kinyesi kibichi basi ni cha kweli na wazi: kinanuka, kinaonekana, kinatangaza kwamba kipo. Kilichokauka, kikavunjwavunjwa na viatu na kusambazwa na mvua za masika ndicho kinachofanya kazi kimyakimya, mpaka mtoto anayecheza mchanga atie vidole mdomoni. Viluwiluwi vya minyoo hiyo husafiri mwilini hadi kwenye ini, mapafu, na mara nyingine jicho, ambako huweza kuharibu uoni. Safura ya mbwa nayo ina mtindo wake: hupenya nyayo tupu kwenye mchanga wenye joto na kutambaa chini ya ngozi, ikiacha mstari mwekundu wenye kuwasha unaopindapinda kama mto. Watalii wengi wamerudi nao kwao kutoka fukwe za nchi za joto, pamoja na vinyago, na forodhani haukutozwa ushuru. Ukarimu wote huu hukatizwa na mambo mawili tu, dawa ya minyoo kwa mbwa na kuokota siku ileile, kwa sababu kilichookotwa leo hakina muda wa kuivisha chochote.

Mafanikio yake katika utawala ni makubwa zaidi. Jijini New York matajiri kwa maskini walikuwa wakiombwa kwa vibao tu kuwapeleka mbwa wao ukingoni mwa barabara, na wengi walisoma vibao hivyo kwa utulivu wakiendelea na safari. Agosti 1978, wakati wa Meya Ed Koch, ikaanza kutumika sheria ya kumtaka mwenye mbwa aokote mwenyewe, na asiyeokota akakabiliwa na faini. Baadhi ya wapenda mbwa waliipinga kama udhalilishaji. Hata hivyo watu wa jiji lile, ambao hawakuwahi kuinama mbele ya mfalme yeyote, walianza kuinama barabarani mara mbili kwa siku. Polisi hawezi kusimama kila kona anapochuchumaa mbwa. Kilichoitia sheria hiyo nguvu ni majirani waliochungulia dirishani.

Paris ilichagua kukibembeleza. Kuanzia 1982, chini ya Meya Jacques Chirac, jiji lilituma pikipiki zenye mashine za kunyonya, madereva wakavizia kila rundo. Wenye mbwa waliliona hilo kuwa huduma nzuri na hawakuona sababu ya kuinama. Pikipiki zilistaafishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na faini ikachukua nafasi yake. Wafaransa, kwa kujifariji, hushikilia kwamba anayekikanyaga kwa mguu wa kushoto amepata bahati.

Werevu mkubwa ulionekana Brunete, mji mdogo karibu na Madrid, mwaka 2013. Watu wa kujitolea walimsubiri mwenye mbwa aliyegeuka na kuondoka, wakamsogelea kwa maamkizi, wakamsifia mnyama na kuuliza jina lake. Jina na aina ya mbwa vilitosha kupata anwani kwenye daftari la mji la usajili wa wanyama. Baada ya hapo sanduku lenye nembo ya mji, lililoandikwa kwamba ndani yake mna mali iliyopotea, lilifikishwa mlangoni kwa mwenyewe. Ni nadra halmashauri kurudisha mali ya mwananchi haraka namna hiyo.

Katika mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam yenye geti moja na walinzi wa zamu, kinyesi cha mbwa kimepata umuhimu kwa kuchelewa kidogo. Kwa muda mrefu mbwa alikuwa mlinzi wa uani, akifungwa mchana na kufunguliwa usiku, na haja zake zilikuwa siri ya boma. Kumtembeza kwa mnyororo njiani ni desturi iliyokua pamoja na nyumba zisizo na ua. Anayemtembeza kwa kawaida si mwenye mbwa. Ni kijana wa bustani, aliyeajiriwa kufyeka na kumwagilia, akaongezewa mbwa bila kuongezewa mshahara wala koleo. Kwa hiyo adabu ya kuokota ni suala la ajira kabla ya kuwa suala la maadili: asiyempa mfanyakazi kifaa na agizo la wazi ameamua mwenyewe kitakachobaki njiani, hata akiwa bado kitandani.

Juu ya hicho kilichobaki njiani ndipo kikao cha mtaa hukamilika. Ada ya ulinzi haiwakutanishi wakazi, uchaguzi wa kamati haufikishi akidi, na msiba wa nyumba ya tatu wengine huusikia baada ya arobaini. Lakini picha moja ya rundo, iliyopigwa kwa karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp bila maelezo, huamsha nyumba zote kabla ya chai. Anayefuata huandika "wapendwa majirani". Mwingine hukadiria ukubwa na kuhitimisha kwamba hawezi kuwa mbwa wake, maana wake ni mdogo. Wa nne hulaumu mbwa koko walioingia kwa tundu la ua wa nyuma, ingawa tundu hilo lilizibwa mwaka jana. Mtu hutuma viganja vya kuomba. Mlinzi wa geti, ambaye amemwona mbwa, rundo na mwenye mbwa, haulizwi, naye kwa hekima hasemi. Kufikia saa mbili mweka hazina amepata nafasi ya kukumbusha madeni ya maji, na watu wawili ambao hawajawahi kusalimiana wamejua majina.

Adabu zenyewe ni chache na hazina fumbo. Mnyororo huwa mfupi panapopita watu. Haja ya mbwa huelekezwa mbali na geti, kibaraza na uwanja wa watoto. Mfuko hutolewa mapema, si baada ya kuhakikisha kuna anayetazama. Ipo adabu moja ambayo vitabu vya Ulaya haviitaji, na ambayo pwani na mitaa mingi ya bara haiwezi kuipuuza. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, najisi ya mbwa ni najisi nzito: kilichopatwa na unyevu wake huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mzee aliyetawadha na kuvaa kanzu kuelekea sala ya Magharibi, akiguswa na pua ya mbwa aliyechangamka au akikanyaga kilichoachwa njiani, hapungukiwi na usafi wa viatu tu. Anakosa sala ya jamaa msikitini. Kauli ya "usiogope mzee, haumi" haimsaidii kitu, maana hakuwa akiogopa meno. Mwenye mbwa muungwana huvuka upande wa pili kabla ya kuombwa.

Suala la mfuko lina kichekesho chake. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayoweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Wapo waliopokea marufuku hayo kama ruhusa, kana kwamba serikali iliogopa mfuko kuliko kilichomo. Pakiti tupu ya unga ya kilo 2, ambayo ni ya karatasi nene, humaliza udhuru huo: hukatwa upande mmoja, hutumika kuzolea, hukunjwa na kubebwa. Koleo dogo na ndoo yenye kifuniko hufaa zaidi kwa mbwa wakubwa. Kuna pia kundi la kipekee ambalo huinama, huokota, hufunga fundo safi, kisha hulitundika furushi kwenye ua wa michongoma na kwenda zake, likabaki hapo likining'inia kama pambo la sikukuu. Kundi hili limetekeleza sheria yote isipokuwa sehemu ya mwisho.

Mahali pa kukipeleka hupungua kadiri mtu anavyotafakari. Mtaroni hapafai, kwa sababu mvua hukifikisha mtoni au baharini kabla ya taka nyingine zote. Kwenye lundo la mboji ya mchicha na sukuma wiki hapafai pia, kwani joto la lundo la kawaida la nyumbani haliui mayai ya minyoo. Kukifukia shimoni chini ya mti wa maua kunakubalika, mradi kisima na bustani ya mboga viwe mbali. Mwaka 2010 msanii Matthew Mazzotta aliweka mtambo katika bustani moja ya Cambridge, Massachusetts: wenye mbwa walitumbukiza mifuko inayooza, wakazungusha gurudumu la kukorogea, na methani iliyopatikana ikawasha taa ya bustani. Mitaa isiyo na mtambo, na mingi haina, hubakiwa na njia ya zamani: kinyesi hubebwa hadi nyumbani kwa mwenye mbwa, karatasi hutiwa kwenye pipa la taka, na chenyewe humwagwa chooni, ambako hatimaye hupata hadhi sawa na cha wenye nyumba.